Tope la Leo

Jumamosi asubuhi Musyimi aliisimamisha pikipiki yake mbele ya nyumba, mahali ambapo kila anayekwenda soko la Kathonzweni lazima aione. Tope la Aprili lilikuwa bado limekaukia kwenye spoksi. Hakuwa ameliosha tangu mkewe Mbinya afe.

Mbinya alikufa kwenye barabara ya mtoni. Musyimi alikuwa amembeba kumpeleka hospitali, wakakwama masaa mawili, basi. Alhamisi, kwenye baraza, Musyimi aliwaonyesha watu lile tope. Sub-chifu Kiilu akacheka.

"Hilo ni tope la zamani. Barabara ilitengenezwa Agosti na ripoti ikaenda. Wewe umekosa tu mtu wa kukuambia uoge."

Watu wakacheka pia, hata waliokula chakula cha matanga kwake. Na ripoti ikishasema imetengenezwa, nani ataleta trekta tena? Mbinya atakuwa amekufa kwa bahati mbaya tu. Wakubwa wanapenda sana hiyo bahati mbaya.

Kwa hivyo Jumamosi hiyo aliiosha pikipiki. Alifunga mdomo wa ekzosi na karatasi ya nailoni, akamwaga maji, akasugua na sabuni ya unga mpaka povu likawa jeupe. Halafu akakausha, kazi ambayo vijana huiruka: alichomoa plagi akaipangusa, akapitisha kitambaa kwenye mianya ya injini, akapaka cheni oili.

"Baba Mutanu, unaoa?" jirani yake Kaluki alimuuliza akiwa kwenye ua.

"Naenda kortini."

"Korti ya Jumamosi?"

"Ngoja uone hakimu."

Kiilu alitokea akienda soko kwa miguu, viatu vinang'aa. Alisimama.

"Mzee Musyimi, sasa umekuwa mtu."

"Pitisha kidole, bwana sub-chifu. Popote unapotaka. Chini ya madigadi pia."

Kiilu alipitisha, akaangalia kidole. "Ni safi kabisa."

"Kaluki, umesikia? Haya, panda nikupeleke soko. Bure. Tutapita mtoni, ni karibu."

Kiilu aliangalia mawingu. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu. "Mimi natembea tu, ni mazoezi."

"Ama barabara ina shida?" Kaluki aliuliza. Wanawake wawili waliokuwa wakipita na ndoo wakasimama kusikiliza.

Kiilu akapanda.

Waliteremka polepole, wale wanawake na Kaluki wakifuata nyuma. Kabla ya kufika mtoni udongo mweusi ulianza kushika magurudumu.

"Zunguka pale kando," Kiilu alisema.

"Kando ni shamba la mtu. Barabara ya ripoti ni hii."

Gurudumu la nyuma lilizama mpaka kwenye ekseli, injini ikazima. Musyimi hakuiwasha. Alikaa tu, mikono kwenye usukani.

"Shuka usukume. Mbinya alisukuma, na alikuwa anavuja damu."

Kiilu alishusha mguu mmoja. Ulipotoka, kiatu kilibaki chini.

"Hii haijatengenezwa," alisema, karibu kwa kunong'ona.

"Hao akina mama hawajasikia."

Kiilu aligeuka, soksi ikichuruzika tope. "Barabara hii haijatengenezwa," akarudia, sasa kwa sauti. "Jumatatu nitaandika hivyo."

"Utaandika na mimi nikiwa hapo nimesimama," Musyimi alisema. "Sasa sukuma."

Kiilu akakunja suruali, akasukuma.