Mchezaji Aliyepungua Inchi Saba

Mwaka ule ofisi ya ligi ilipopata kompyuta, kila timu iliagizwa kupeleka habari za wachezaji wake: jina, umri, kimo, mguu anaopigia na mabao aliyofunga. Katika timu ya Radi ya Kariobangi kazi hiyo ilimwangukia Muhiba, karani aliyetoka chuoni miezi mitatu tu iliyopita. Alilinakili daftari la timu kwa wiki mbili, bila kuruka hata nukta, na uaminifu wake huo ndio uliozua balaa.

Maana Radi walikuwa na desturi yao. Kadi ya mchezaji mpya ikichelewa, na haikukosa kuchelewa, alicheza kwa kadi ya Okoth, na daftarini akaandikwa Okoth. Okoth mwenyewe alikuwa beki aliyerudi kwao Siaya mwaka wa sabini na tisa kuoa, asionekane tena. Kadi ilibaki. Picha yake ilikuwa imenyeshewa mara nyingi hata ingeweza kuwa ya mtu yeyote mwenye masikio mawili. Jambo hili hakuna aliyemwambia Muhiba.

Jibu la ligi lilipokuja, Mzee Zubeiri, mwenyekiti, alilisomea buchani kwake, kisu kikiwa bado mkononi. Okoth alikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili kwa miaka saba mfululizo. Mwaka wa themanini na mbili alipungua inchi saba, na mwaka uliofuata akarefuka tena. Alikuwa amefunga mabao mia moja thelathini na moja, na katika mechi kumi na tisa alidaka asifungwe hata bao moja. Kompyuta ilikuwa imemteua mchezaji bora wa ligi. Aripoti Jumatatu, aende Kampala na timu teule.

“Huyu ni mchezaji au ni jini?” Mzee Zubeiri aliuliza. “Basi. Lusweti ataenda kuwa Okoth.”

Mabao arobaini na moja kati ya yale yalikuwa ya Lusweti, mshambuliaji ambaye kadi yake mwenyewe ilikuwa haijafika. Miaka miwili mama yake, Asenath, alikuwa akisikiliza matokeo redioni huko Bungoma, na kila Jumamosi alimsikia Okoth tu. Sasa alikuwa ameandika barua: “Kama uliacha mpira unauza viazi, niambie, sitakasirika. Usinidanganye tu.” Lusweti alimpa Muhiba aisome. Muhiba aliisoma mara mbili akairudisha bila kumtazama usoni.

“Wakinihoji je, Mzee?” Lusweti aliuliza.

“Uwajibu kwa Kijaluo, lugha ya Okoth.”

“Mimi ni Mbukusu. Sikijui.”

“Basi kohoa.”

Jumatatu walikwenda watatu ofisi ya ligi. Bwana Ndeti, msimamizi wa kompyuta, alimsimamisha Lusweti ukutani akampima kwa futikamba ya fundi cherehani, kisha akatazama kioo cha mashine.

“Okoth, kwa wastani, ana futi tano na inchi tisa. Wewe una tano na sita. Nenda ukamlete Okoth.”

Lusweti alikohoa. “Ndiye mimi.”

“Wewe ni sehemu yake tu.”

Sauti ya Muhiba kwa kawaida haikuvuka meza. Siku hiyo ilivuka. “Okoth hayupo, Bwana. Aliondoka zamani. Huyu anaitwa Lusweti. Mimi ndiye niliyenakili.”

Mzee Zubeiri alifumba macho akingoja timu ifungiwe. Lakini Bwana Ndeti alitikisa kichwa kwa upole, kama anayemwonea huruma mgonjwa.

“Dada, sifungii timu kwa maneno ya mdomo. Okoth yupo, namwona hapa. Huyu kijana ndiye hayupo.”

“Basi mtie kwenye mashine,” Muhiba alisema.

“Nikimtia leo ni mgeni. Mabao sufuri. Yale mengine ni ya Okoth, na Kampala ni ya Okoth.”

“Mwanangu,” Mzee Zubeiri alimnong’oneza Lusweti, “usiwe mjinga. Rudi kesho na viatu vya kisigino, uende Kampala.”

Lusweti alikuwa akimtazama Muhiba.

“Nitie,” alimwambia Ndeti. “Lusweti. L, U, S.”

Mashine ilikwaruza kwa muda mrefu, ikatoa karatasi yenye mstari mmoja.

Jezi ya Okoth ilikwenda Kampala ikiwa imekunjwa vizuri, ikawekwa benchi. Mechi ikaisha sare, na ripoti ya ligi ilisema Okoth alionyesha nidhamu ya hali ya juu.

Lakini mchana ule wa Jumatatu, nje ya ofisi, Lusweti alimwomba Muhiba bahasha. Alitia ndani karatasi yenye jina lake na sufuri zake zote, akalamba gundi, akamgeuzia Muhiba mgongo ili aandikie hapo anwani ya Bungoma.

“Polepole,” alisema. “Kalamu inanitekenya.”