Suruali Nane Nyeupe

Baba yangu amepima wanawake kwa miaka thelathini na mmoja, na hakuna aliyewahi kumwitia kikao. Amezungusha futi vifuani mwao, viunoni, kwenye nyonga, akitaja namba kwa sauti ileile anayoombea chumvi mezani. Wake za watu, mabinti wa watu, mama wakwe wa watu. Walisimama mbele ya kioo, mikono juu, wakisimulia habari za watoto wao, naye akapita katikati ya maneno yao kama upepo. Watu walisema fundi ni kama daktari, hana jicho.

Mimi nilikulia chini ya meza yake ya kukatia. Vipande vya kitambaa vilinidondokea polepole kutoka juu, vyekundu, vya samawati, vyenye maua nusu, na kwa muda mrefu niliamini kwamba mbinguni kuna mtu anakata nguo na sisi wote tunaishi chini ya meza yake.

Mwaka jana mkono wa kulia wa baba ulilala na haukuamka tena. Ulimi nao ukawa mzito, maneno yakawa yanamtoka moja moja kama vifungo vinavyoanguka sakafuni. Tangu hapo hukaa kwenye kiti cha dirishani, futi ikining'inia shingoni kama zamani, nami nakata. Nilisomea ushonaji chuoni miaka miwili. Hakuna nguo inayonitisha.

Waliomtisha baba mdogo ni wanaume. Yeye ni mdogo wake baba, fundi saa, kibanda chake kimepakana na duka letu ukuta kwa ukuta. Alikuja na pazia la kijani, akalifunga katikati ya chumba, akapanga utaratibu: mteja mwanamume atasimama nyuma ya pazia, yeye mwenyewe atampima na kutaja namba, mimi nitaandika nikiwa upande wa pili.

"Msichana hampimi mwanamume," alisema. "Watu watasema nini?"

"Baba aliwapima wake zao."

"Baba yako ni mwanamume."

Alilisema kama anayebana kifuniko cha saa. Tak. Limekwisha.

Kisha ikaja bendi. Wanaume wanane wa tarumbeta na ngoma waliotaka suruali nyeupe za kuvaa Jumatatu kwenye mashindano. Baba aliwatazama wakijazana mlangoni na vyombo vyao vinavyong'aa, akaniita. "Hizi," akasema. Nikangoja. "Zikikaa. Ufunguo wako." Yaani duka lingekuwa langu, si la kaka, mtoto wa baba mdogo, ambaye hushika sindano kama mtu aliyepewa nge.

Vipimo vikaanza. Nilikaa na daftari mbele ya pazia, nikaona vivuli tu vikipita kwenye ukijani kama samaki wakubwa majini.

"Kiuno, thelathini na sita!" sauti ya baba mdogo ikaita. "Nyonga, arobaini na moja! Urefu wa nje, arobaini na mbili!"

"Mguu kwa ndani?"

Kikohozi.

"Andika ishirini na tisa."

"Na msamba, pale miguu inapoachana?"

Kikohozi kingine. "Andika kumi."

Mtu wa pili naye, ishirini na tisa na kumi. Wa tatu hivyo hivyo. Wa nne alikuwa mpiga ngoma kubwa, ambaye mji mzima humwita Pipa na mwenyewe huitika. Naye eti ishirini na tisa na kumi.

"Baba mdogo," nikasema, "watu hawa hawawezi kuwa na msamba mmoja. Kwani walizaliwa kwa fotokopi?"

Nyuma ya pazia wanaume wakacheka. Baba mdogo hakucheka. "Andika nilivyokwambia. Msichana mzima unataka kujua ya nini?"

Nikaelewa. Mtu anayefungua skrubu ndogo kuliko punje ya mchanga alikuwa ameshindwa kupeleka mkono mahali mguu unapoanzia. Aliona haya, simlaumu. Lakini haya zake zilikuwa zimeandikwa kwenye daftari langu kwa mwandiko wangu, na kwa kuwa sikuruhusiwa kuvuka pazia, juu ya namba hizo nikakata kitambaa cheupe cha watu wanane.

Jumamosi asubuhi walizivaa, wakajipanga barabarani mbele ya duka wafanye mazoezi. Bendi hii huenda kwa kurusha magoti hadi usawa wa mkanda, ndiyo sifa yao. Tarumbeta zikalia, jua likapasuka juu ya shaba, magoti manane yakapanda kwa pamoja. Nikasikia sauti nyororo, ndefu, kama mtu anachana barua. Halafu nyingine. Halafu zote.

Na hawakuacha kupiga! Hicho ndicho nilichokiona kama ndoto. Walirudi kinyumenyume kuelekea mlangoni kwetu, wanane kwa mstari, mashavu yamevimba, wimbo haujakosea hata noti moja, huku chupi zao zikiusalimia mtaa mzima. Watu walicheka hadi wakashikilia kuta. Muuza magazeti alikaa chini. Kufika saa sita mchana kicheko kilikuwa kimekwisha, kila mtu amerudi kwenye kazi yake, na hakuna aliyeuliza wanaume hawa wamelelewa na nani.

Baba mdogo alikuwa amejifungia kibandani mwake.

Nilikuwa na kitambaa kilichobaki na siku mbili. Nikaliendea pazia, nikalifungua vifundo, nikalikunja. Nikafungua mlango na madirisha yote mawili, kwa sababu ningeufunga mlango wangesema nimeufunga. Kisha nikamwendea baba. Kabla sijasema neno aliinamisha kichwa, nikaitoa futi shingoni mwake. Ilikuwa na joto lake.

"Isilegee," akasema.

Chuoni walitufundisha jambo dogo: ukipima mguu kwa ndani, mwanzo wa futi mpe mteja aushike mwenyewe, auweke mahali pake, wewe chuchumaa usome chini kwenye kifundo. Mkono wako haugusi kitu. Ni rahisi hivyo. Baba mdogo hakuwahi kuuliza.

Waliingia mmoja mmoja, wamejifunga kanga za wake zao, wapole kama wagonjwa. Pasi ilikuwa inapumua mvuke kwenye kona. Mwanga wa mchana ulipita kwenye kitambaa cheupe nilichokitandaza, chumba kikawa kama ndani ya yai. Nikasahau mtaa. Namba zikawa zinanijia zenyewe, tulivu, kila mwili na namba zake, kama kila mto na kina chake. Mpiga tarumbeta wa kwanza alifumba macho. Wa pili alianza kuhema polepole kama anayelala. Wa tatu, mtu mzima mwenye mvi, aliniambia kwa sauti ya chini kwamba tangu mama yake afariki hakuna aliyewahi kumwangalia ajue amepungua kiasi gani.

"Umepungua inchi mbili," nikamwambia, nikilinganisha na kipimo chake cha zamani kwenye daftari la baba.

"Ndivyo nilivyodhani," akasema, akatazama dirishani.

Pipa alisimama akiuma midomo. "Dada fundi, mimi nikiguswa nacheka."

"Sikugusi, kaka. Shika hapa mwenyewe. Cheka baadaye."

Msamba wake ulikuwa kumi na nne na nusu. Nikaandika, nikapiga mstari chini yake mara mbili.

Na barabarani watu walikuwa wamesimama. Niliwaona nilipoinua kichwa: safu ya nyuso kwenye mwanga, zikinitazama nimechuchumaa miguuni pa mwanamume. Hakuna aliyecheka. Chupi nane ziliwachekesha. Futi yangu iliwanyamazisha.

Jumatatu magoti yalipanda hadi usawa wa mkanda na hakuna uzi uliolia. Jumanne nikaitiwa kikao.

Kilikuwa sebuleni kwetu. Baba kwenye kiti chake, baba mdogo kwenye kochi kubwa, kaka pembeni yake akijitazama kucha, shangazi na birika la chai. Mke wa Pipa naye alikuwa ameitwa, awakilishe wake wa bendi nzima.

"Binti yetu ametuvua nguo," baba mdogo akaanza.

"Waliovuliwa nguo ni wanane," nikasema, "na vipimo vilikuwa vyako."

"Umeona mdomo huo?" akamgeukia shangazi. Kisha akaweka masharti. Niombe radhi kwake, kwa kuvunja utaratibu wake. Niombe radhi kwa wake za wanaume wale. La sivyo duka lishikwe na kaka, maana duka lenye msichana wa namna hiyo halina heshima.

"Mimi nimeambiwa nije kuombwa radhi," mke wa Pipa akasema, akishika kikombe chake kwa mikono miwili. "Suruali imemkaa mume wangu vizuri sana. Ndiyo mara ya kwanza. Sasa naombwa radhi ya nini?"

"Wewe kunywa chai," baba mdogo akamwambia.

Shangazi akanisogelea. Ananipenda, najua. Nguo yake ya harusi ilipimwa na mwanamume, baba wa mtu, kama za wenzake wote, na hadi leo anaisimulia akitabasamu. "Mama," akaninong'oneza, "neno lenyewe dogo. Sema tu samahani, hata kama moyoni hulitaki. Sisi wote tumelisema. Kesho unafungua duka lako, mambo yamekwisha. Wanaume ndivyo walivyo, wape neno lao."

Nilimtazama baba. Mkono wake wa kushoto ulikuwa mfukoni, umefumbata ufunguo wa duka, na macho yake hayakuwa yananiomba chochote. Neno lake lingechelewa kutoka. Nikajiona nalisema lile samahani, jepesi, linaelea sebuleni kama uzi uliokatika, kila mtu akivuta pumzi, chai ikimiminwa. Nikajiona nikizeeka ndani ya duka lile nyuma ya pazia la kijani, nikiandika namba za uongo.

"Tunasubiri," baba mdogo akasema.

"Kama ni duka, mpeni kaka," nikasema. "Mimi nitapima hata barazani. Nimewapima watu wanane mchana, mlango wazi, sawasawa na baba alivyopima wake za watu, na kesho akija wa tisa nitampima. Radhi siombi. Si kwako, baba mdogo, si kwa mtu yeyote, si leo, wala msikae mkaningoja."