Ng'ombe wa Sura ya Kwanza

Kwenye gemu, Mniko hakuwahi kumwonea huruma kiumbe yeyote. Ndivyo alivyojitangaza mwenyewe kwenye grupu la Wababe wa Mara, kwa voisi ndefu aliyoirekodi kibandani kwake Musoma, katikati ya chaja na kava za simu. "Mimi moyo niliuacha nyumbani. Ng'ombe wa kwenye simu ni nyama tu."

Gemu lenyewe ni Bonde la Mapanga. Linachezwa mtandaoni, kundi kwa kundi, na mwanzoni kabisa bibi kikongwe anakupa ng'ombe wa bure, bila maelezo. Ubishi ukawaka: wa kazi gani? Mniko ndiye kapteni wa kundi, na kapteni hakosi nadharia.

"Wanangu, magemu yana mila zake. Ukikuta chakula kingi mbele ya mlango, ndani kuna bosi. Mzee akianza kukohoa, hamalizi sura. Na cha bure cha mwanzoni ni cha kuuza ununue panga. Huyo bibi harudi tena. Uzeni!"

Enos wa Bunda akauza siku ileile, wengine wakafuata. Akagoma Ghati peke yake, binti wa Butiama asiyemezeshwa maneno.

"Kapteni, kwetu ng'ombe wa kupewa hauzwi. Unamtunza, akizaa unamrudishia mwenyewe ndama. Bibi atakuja kuulizia."

"Ghati, waliotengeneza hili gemu wako ng'ambo huko. Mila za Butiama wamezijulia wapi?"

"Na akirudi?"

"Akirudi, ukapteni chukua wewe."

Baada ya kutamba hivyo, Mniko naye akampeleka ng'ombe wake sokoni. Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe cha kuuza, ng'ombe akageuka akamtazama. Alikuwa na madoa yaleyale ya ng'ombe wa baba yake, yule aliyeishia mnadani Kiabakari ili Mniko amalize kidato cha nne. Kidole kikaganda. Kwenye grupu akaandika: "Nimeuza. Panga linawaka!"

Jumamosi sura mpya ikafunguka. Wote wakajazana chumbani kwa Mniko, maana mtandao wa pale haukwami. Wakafika kwenye geti la mlimani, na nani kasimama hapo? Bibi, mkono kiunoni: "Ng'ombe wangu yuko wapi?"

Enos akaonyesha panga lake. Geti likabaki limefungwa. La Ghati likafunguka.

"Lete ukapteni," Ghati akasema.

Mniko akaibana simu kifuani. "Hata mimi nimefungiwa," akasema kwa sauti ya msibani. "Nadharia imeniua pamoja na watu wangu. Kapteni gani anapona peke yake?"

Enos, mwenye huruma zake, akalainika. "Ghati, msamehe bwana. Angalau kazama na sisi."

Ghati akafikiri. "Haya, abaki. Kwa sababu aliuza kama wenzake."

Mniko ndiyo kwanza anashusha pumzi na simu yake, akaingia Nyangi, mdogo wake, na sahani ya samaki wadogo, furu wa kukaanga. Akapita nyuma ya kaka yake, akachungulia, akasimama.

"Kaka, mbona huyo bibi anamkuna Madoa masikio?"

"Madoa ndiyo nani?" Enos akauliza.

"Si ng'ombe wake! Kwani hamjui? Kila asubuhi, hata mswaki hajapiga, anampigiaga mluzi kama yuko malishoni. Juzi kazaa, tukanunuliwa soda."

"Huyo ni wa utafiti," Mniko akasema.

Ghati akaichukua ile simu taratibu. Madoa huyo hapo, amenenepa, na ndama pembeni.

"Kapteni wa zamani," akasema, "hebu piga huo mluzi tuusikie."

Mniko akatazama dari.

"Piga, bwana," Enos akasema, furu mdomoni. "Mwenzio panga ninalo, ng'ombe sina."