Nyumba Iliyowafuata Octave na Roger

Véronique alikuwa ameinama juu ya kinu, anatwanga sombe, majani ya muhogo, ya chakula cha mchana. Bila kuangalia, alinyoosha mkono wa kushoto kuchukua ungo alioegemeza kwenye ukuta wa nyumba. Mkono ukashika hewa. Ungo ulikuwa umelala chali mavumbini, na ukuta ulikuwa umesogea nyuma hatua moja.

Aliokota ungo, akaupangusa kwa upindo wa kitambaa chake, akaendelea kutwanga. Nyuma ya nyumba wanawe wawili, Octave wa miaka tisa na Roger wa saba, walikuwa wanafukuzana kuelekea kijitoni.

"Roger, miguu ya kobe!"

"Na wewe masikio ya popo! Ngoja nikukamate!"

Walikuwa wamerudi juzi kutoka shule ya misheni ya Kasongo, kwa likizo ya kiangazi ya mwezi mzima, na tangu warudi hawakuwa wamekaa chini ila kwa kula. Véronique akasikia udongo ukilia kidogo, kama mtu anayejinyoosha baada ya kulala vibaya. Ukuta ukasogea tena.

Nyumba hiyo haikuwa imetimiza mwaka. Bula Matari, maana ndivyo watu walivyoiita serikali ya Wabelgiji, alikuwa ameamuru vijiji vyote vya upande ule, kati ya Kasongo na Kabambare, vitoke vilikokuwa vije kujipanga kando ya barabara, ili pamba ibebwe kwa urahisi na watu wahesabiwe kwa urahisi. Waliochelewa, askari walitia moto mapaa yao. François, mume wa Véronique, alipewa mwezi mmoja wa kujenga, na katika mwezi huohuo alitakiwa awe barabarani kila asubuhi na shambani kwa pamba kila alasiri. Hakupata nafasi ya kwenda msituni kukata nguzo ya kati. Basi akaing'oa ile ya nyumba ya marehemu baba yake, mzee Amisi, akaibeba begani hadi barabarani, akaisimamisha katikati ya nyumba mpya.

Kwao jambo hilo halifanywi. Nguzo ya kati ya nyumba ya marehemu huachwa ilipo, isimame karibu na mwenyewe aliyezikwa uani, mpaka mchwa wamalize kazi yao. François alilijua hilo tangu utoto. Lakini mchwa walikuwa na muda, na yeye hakuwa nao.

Jioni ya siku ile ya ungo, jirani yao Faida alikuja kuomba kaa la moto. Alisimama kati ya jiko na nyumba, mahali ambapo zamani mtu asingeweza kupita na mtungi kichwani bila kuugonga ukuta, akatembea pale huku na huku mikono kiunoni.

"Mama Octave, nyumba yako inakwenda wapi?"

"Sijui, dada."

"Iko inafuata watoto. Nimeiangalia tangu asubuhi. Wakikimbia, nayo inakimbia kidogo. Wakisimama, inasimama." Faida alilichagua kaa kubwa kuliko yote. "Si walijifunza kutembea kwa ile muti ya mzee? Wanaishika, wanazunguka, wanaanguka, wanaishika tena. Basi inawajua. Sasa ni zamu yake kuwashika wao."

"Na vakansi iko mwezi mzima," alisema Véronique.

"Eh. Pole."

Alisema pole kwa sababu ya kamba. Kila Jumamosi kapita Bulaimu, msimamizi aliyewekwa na serikali, alifunga kamba kwenye nyumba ya kwanza ya kijiji, akaivuta hadi nyumba ya mwisho, na kila ukuta wa mbele ulipaswa kuigusa. Kuta nyingine zote ziliigusa. Wa François, tangu mwanzo, ulikuwa nyuma kwa upana wa kiganja, na kwa kiganja hicho alikuwa amekwisha kulazwa chini mbele ya watu na kupigwa fimbo. Bwana wa teritwari, Mzungu mkuu wa wilaya aliyepita kukagua, alimwambia siku ile kwamba fimbo hairudiwi. Akiikuta tena nyumba nje ya mstari, François atakwenda kuchimba dhahabu Salamabila. Mume wa Feza, nyumba ya tatu kutoka kwao, alikwenda Salamabila kwa miezi sita, na miezi hiyo sita ilikuwa katika mwaka wake wa pili.

Bwana angepita tena mwisho wa mwezi.

Kwa hiyo Véronique aliamua kuwatuliza watoto. Aliwawekea kikapu cha karanga za kubambua. Walizibambua kwa mashindano, wakala nusu, na walipomaliza wakakimbia kumwonyesha Faida nani ameshinda. Nyumba ikaenda nao hadi mwisho wa ua. Aliwatuma kwa dada yake Emilienne kule Lusangi, akawaagiza watembee kama watu wazima wanaokwenda msibani. Walitembea hivyo hadi kwenye kona. Baada ya kona Roger alimwona kanga na vifaranga vyake, na Véronique, aliyekuwa ndani anakunja mkeka, akahisi chumba kinageuka. Alipotoka, mlango ulikuwa unatazama Lusangi. Ilibidi aende mwenyewe kuwarudisha, mmoja mkono huu, mwingine mkono ule, na njia nzima walimuuliza kwa nini hawaruhusiwi kwenda mbio ikiwa hakuna mgonjwa.

"Kwa sababu ya baba yenu."

"Baba anaumwa miguu?"

"Baba yenu haumwi. Tembeeni."

Mwishowe aliwafunga miguu kwa ukanda wa kitambaa. Si kwa nguvu. Aliwaketisha kivulini, akaenda jikoni kugeuza ugali, na aliposikia ardhi inapiga tu, tu, tu, alijua kabla hajaangalia. Octave alikuwa amegundua kurukaruka kama chura, na Roger alikuwa nyuma yake. Nyumba nayo iliruka. Ilipotua mara ya tatu, udongo wa pembe moja ulidondoka na fito zikaonekana. Véronique aliwafungua haraka. Nyumba inayotembea ilikuwa shida, lakini nyumba inayoruka isingefika Jumamosi.

Kwa kuwa walikatazwa kwenda upande wa Lusangi, watoto walianza kwenda mahameni, pale kijiji kilipokuwa kabla ya amri. Palikuwa na mlimau uliookoka moto, na mteremko mzuri wa kuteleza kwa vigogo vya migomba. Walikimbilia huko asubuhi na walirudi wakiburuta miguu kwa uchovu, na kwa mwendo huo wa kurudi nyumba haikujisumbua. Kila siku ilienda, haikurudi. Ilipita katika nyasi kavu bila kuvunja kitu, ikaacha nyuma yake njia laini kama ya kapu lililoburutwa. Jiko lilibaki barabarani. Véronique alipika kando ya barabara, kisha akabeba chungu kichwani kuifuata nyumba, na kila siku chungu kilifika kimepoa zaidi ya jana.

François alirudi kutoka kazini, akatazama pengo katika mstari, akafuata njia ile ya nyasi hadi mlangoni, akaingia, akaketi.

"Ningekata nguzo nyingine," alisema.

"Kata basi, Baba Octave."

"Lini?"

Kesho ilikuwa barabara na pamba, na kesho kutwa pamba na barabara. Véronique alimwekea maji ya kunawa. Alitazama mgongo wake ulipoinama, mahali ambapo ngozi mpya ilikuwa bado inang'aa, akajaribu kuukumbuka vizuri, jinsi mtu anavyokikumbuka kitu anachotaka kukieleza baadaye kwa watoto.

Jumamosi Bulaimu alivuta kamba. Ilipofika penye pengo, ilielea hewani bila kugusa kitu. Alisimama pale kwa muda, akaikung'uta kamba kidogo, kama kwamba nyumba ilikuwa imejificha nyuma yake.

"François, ndugu yangu. Sasa mimi nitasema nini kwa Bwana?"

"Sema ukweli. Sema iko inafuata watoto."

"Ukweli nitasema. Lakini na mimi niko na mgongo." Akaizungushia kamba kiwiko chake, polepole. "Wafungeni hawa watoto."

"Tulifunga," alisema Véronique. "Wanaruka."

"Basi wafungeni wakiwa wamelala chini!"

"Kapita, wewe hukuzaa wavulana?"

Bulaimu alikuwa na wasichana wanne. Alikwenda zake.

Wiki ya mwisho ya mwezi, nyumba ilifika mahameni. Siku hiyo Véronique alikuwa amebeba chungu cha mihogo, na kutoka mbali aliona kwamba haikuwa imesimama ovyo. Ilikuwa imekaa. Mlango wake ulitazama mlimau, kama mlango wa mzee Amisi ulivyotazama, na ndani, nguzo ya kati ilikuwa imeingia katika shimo lake la zamani, sawasawa, hadi kwenye alama ya unyevu iliyoachwa na udongo. Kaburi la mzee lilikuwa pale pale uani, upande wa kulia. Watoto walikuwa wamelala usingizi juu ya mkeka saa ya mchana, jambo ambalo hawakuwahi kulifanya tangu walipoacha kunyonya. Kivuli cha mlimau kiliingia mlangoni, kikafika mahali palepale kilipokuwa kikifika zamani.

Véronique alitua chungu. Kwa muda mfupi alikuwa mtu aliye nyumbani kwake. Kisha akakumbuka kwamba ndiyo siku ya Bwana kupita, akatoka nje kutazama upande wa barabara.

Bwana wa teritwari alikuja kwa gari, akashuka mbele ya pengo. Alikuwa mtu mwembamba mwenye kofia ngumu na meno mabaya.

"Nyumba iko wapi?"

"Ilirudi mahameni, Bwana," alisema Bulaimu, mikono imenyooka mapajani.

"Nani alibeba?"

"Hakuna mutu alibeba. Watoto walikimbia."

Bwana alikubali kwa kichwa. Katika teritwari aliyokuwamo kabla ya hii, ghala la pamba lilikuwa limevuka mto kumfuata mwanamke mmoja mjane, na huko pia kulikuwa na matatizo ya mstari. Aliifuata njia ya nyasi, askari nyuma yake, kijiji kizima nyuma ya askari. Alipofika aliizunguka nyumba, akaipigapiga kwa fimbo yake ya kutembelea, akaingia, akaisukuma nguzo kwa bega. Haikutikisika. Octave na Roger walikuwa wameketi ukutani, mikono magotini, kama mama yao alivyowaweka. Hawakupepesa macho. Véronique alisimama karibu nao.

"Wewe ndiye François?"

"Ni mimi, Bwana."

"Nilikuambia Salamabila."

"Ndiyo, Bwana."

Bwana alitazama njia waliyokuja nayo, iliyonyooka katika nyasi, laini, bila jiwe. Sheria, alieleza, haisemi nyumba iwe mahali gani. Sheria inasema nyumba iwe kando ya barabara. Njia hii imekwisha kuchorwa, tena vizuri kuliko mafundi wake wangeichora. Kwa hiyo barabara italetwa hapa, kisha itaendelea hadi kijiji cha pili, na watu wote watajenga upya kando yake kabla ya mvua. François hatakwenda Salamabila. Ataongoza kuchimba, kwa kuwa nyumba ni yake.

Véronique alivuta pumzi, ya kwanza kamili kwa mwezi mzima. Hilo ndilo aliloliomba kila siku, kwamba mumewe asichukuliwe, na hakuchukuliwa.

Bulaimu alifunga kamba kwenye nguzo ya mlango, akaivuta kwa kufuata njia. Ilipita juu ya kaburi la mzee Amisi, katikati kabisa. Alimtazama Bwana. Bwana alikuwa anaangua limau.

Walianza siku ileile. Watu walibomoa nyumba walizojenga mwaka uliopita, wakazibeba fito kurudi mahali walikozitoa, na hakuna aliyeimba. Faida alipita na mlango wake kichwani, akamwambia Véronique, "Tumerudi kwetu, mama. Ila kwetu kumekuwa barabara." Hakusema kwa hasira. Mume wa Feza hakurudi.

Likizo ilipokwisha, Véronique aliwavalisha watoto mashati yao, akawafungia karanga na mihogo ya njiani, akainama akawashika mashavu.

"Mutatembea. Mumesikia? Mpaka muvuke mto mutatembea. Hakuna kukimbia."

"Na tukimwona kanga?" aliuliza Roger.

"Hata mumuone kanga."

Waliondoka kwa barabara mpya, wameshikana mikono, polepole, wakijizuia kama watu waliobeba maji hadi ukingoni mwa chungu. Baba yao alikuwa katikati ya barabara na jembe, pale penye kaburi la mzee, ambapo ardhi ilikuwa laini kuliko kwingine. Hakuinua kichwa, maana askari alikuwa amesimama hapo. Watoto walimzunguka. Nyuma yao nyumba ililia mara moja, kwenye fito. Véronique aliweka kiganja ukutani na kukikandamiza mpaka watoto walipopotea kwenye kona.

Ilikuwa Jumamosi. Bulaimu alikuja na kamba, akaivuta, akainama kuangalia. Iligusa ukuta kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Imekaa sawa," alisema, akaenda nyumba inayofuata.