Jina la Kuita kwa Sauti

Ngassa alifika Lingeka asubuhi akiswaga mtamba mwekundu, na kabla hajapewa kigoda kila mtu pale nyumbani alijua kilichomleta. Mtamba yule alikuwa wa mjukuu atakayeitwa Ndalahwa, jina la marehemu kaka yake.

"Mwangaluka, shemeji."

"Mwangaluka," Nyanjige akaitikia, ungo wa mtama mapajani. "Ila umechelewa. Mtoto ana jina. Mama yake kamwita Dewi."

"De nini?"

"Dewi, baba," akasema Felisita, mke wa mwanawe Nyanjige, akitokea mlangoni na kichanga kifuani. "Ni la Welisi, kule jirani na Uingereza. Nililiona kwenye simu. Ndiye Daudi wa kwao, na padre hana neno."

Ngassa akacheka mpaka akakohoa. "Dewi! Kama dawa ya kupulizia pamba! Na huko Welisi una nani wewe?"

"Sina mtu. Ndiyo maana nikalitaka. Kule sina mkwe hata mmoja."

Kicheko kikakatika. Mwanamke hatamki jina la baba mkwe wake, awe hai, awe kaburini. Mtoto akiitwa Ndalahwa, Felisita atamnyonyesha, atamwogesha, atamshika mkono akijifunza kutembea, lakini jina lake hatalitia mdomoni mpaka afe. Atamwita "baba" tu, kama walivyofanya mama zetu.

"Na wewe shemeji umekubali?" Ngassa akauliza. "Wewe tuliyekusifu kwa adabu?"

Nyanjige akaweka ungo chini. Mama huyu hata msibani alikuwa hakosi cha kutega.

"Kitendawili!"

"Shemeji, huu si wakati wa..."

"Kitendawili, Ngassa!"

"Haya, tega."

"Nina dume langu. Wapita njia wote wakimwita, anakuja. Mimi niliyemfuga, mdomo umeshonwa."

Ngassa akakuna kidevu. "Nimeshindwa."

"Nipe mji."

"Chukua Bariadi."

"Bariadi nimekwenda, nimekula, nimeshiba, nimerudi. Dume langu ni yule pale."

Akamwonyesha mwanawe wa kwanza, baba wa kichanga, aliyekuwa akitoka zizini akichechemea. Huyo alirithishwa jina la baba mkwe wa Nyanjige. Utotoni alikuwa akicheza na wenzake kwenye mchanga wa mto mkavu, akina mama wakichota maji visimani pembeni, mara mto ukanguruma kutoka juu. Mama wenzake wakapiga kelele: Salu! Novatus! Kila mtoto akasikia lake, akakimbia. Nyanjige akaita "Baba! Baba wee!" Mtoto akadhani anaitwa baba yake. Hakugeuka. Maji yakamzoa.

"Mto si ulimrudisha?" Ngassa akasema polepole.

"Ulimrudisha na mguu mmoja mzima. Mimi nilikuwa na sauti, Ngassa. Nilikuwa na mapafu ya kuita mpaka Meatu yote isikie. Nikaila sauti yangu kwa ajili ya adabu yenu. Huyu binti hataila ya kwake."

"Wazee watakasirika. Wamelala kaburini wanasikiliza."

"Basi wasikilize na hili."

Akasimama, akajifunga khanga kiunoni, akamgeukia mwanawe. Akafungua mdomo.

"Luhaga!"

Kuku wakatawanyika. Ngassa akaziba masikio, lakini jina lilikuwa limeshapita. Yule mwanamume mzima, mwenye mvi za kwanza kichwani, akasimama kama aliyeshikwa shati kwa nyuma.

"Naam, mayu?" akaitika, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Hakuna kitu, mwanangu. Nilikuwa nakuita tu."

Ngassa alikuwa ameshachukua fimbo yake. "Umejiletea laana, mwanamke!"

"Ikija iniulizie mimi. Nyanjige! Jina hilo halijakatazwa kwa mtu yeyote."

"Na mtamba naondoka naye."

"Nisalimie zizi lake."

Felisita akautazama mgongo mwekundu wa yule mtamba ukipotea nyuma ya uzio wa minyaa. Angekamuliwa mwakani. "Mayu, tumepoteza maziwa."

"Maziwa unayo wewe. Sasa mwite mwanao."

"Si yupo hapa mkononi, mayu."

"Mwite hivyohivyo. Ita kwa nguvu, binti yangu, Ngassa hajafika njia panda bado."

Felisita akavuta pumzi, akaita.