Robo Saa

Fundi alikuwa bado anasugua kucha kwa kitambaa alipofika mlangoni mwa ukumbi wa kikao cha walioacha pombe. Tangu asubuhi alikuwa akipiga polishi kabati la watu, na rangi ilikuwa imemganda mpaka kwenye vifundo vya vidole. Leo alitimiza siku tisini bila kugusa pombe, na binti yake alikuwa amekubali kuja kumsikiliza akisimama kusema. Akiridhika, Jumapili angemletea mjukuu ambaye fundi alikuwa hajawahi kumpakata. Mtu haendi kwenye jambo kama hilo na mikono michafu. Basi akafanya kama wafanyavyo mafundi polishi wote: akailowesha spiriti, akaifuta, ikatakata.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kweli!"

Binti akampa mkono. Papo hapo uso ukambadilika.

"Umekunywa."

"Hapana! Ni spiriti ya kazini. Nimenawia mikono tu."

"Kwenye harusi yangu ilikuwa dawa ya kikohozi. Kwenye msiba wa mama ilikuwa dawa ya meno."

Fundi akageuka kutafuta shahidi. Nesi mstaafu, aliyeongoza kikao, naye alikuwa ameshaisikia harufu.

"Kanuni unaijua, kaka," alisema kwa upole. "Anayenuka anakaa, ila hasemi. Utasema wiki ijayo."

Upole ule ulimchoma kuliko tusi. Na kanuni yenyewe ni yeye aliyeipendekeza, mwezi uliopita, kwa mbwembwe, akiwasema wenzake.

"Spiriti hii inaruka hewani, mama," alimbembeleza binti yake. "Robo saa tu, haitanuka kitu. Kaa robo saa uone."

"Nimekungoja tangu nikiwa darasa la pili, baba." Akatia mkoba begani, akatoka bila kubamiza mlango.

Fundi akakaa. Mmoja mmoja wenzake walisimama, wakataja siku zao, wakapigiwa makofi. Maneno aliyoyafanyia mazoezi wiki nzima mbele ya kabati aliyasema kimoyomoyo. Aliwachukia wote mle ndani, na zaidi alijichukia mwenyewe, aliyedanganya kwa miaka mingi kiasi kwamba siku aliposema kweli hakuwa na wa kumwamini.

Robo saa ilipotimia kwenye saa ya ukutani, akapeleka viganja puani. Havikunuka kitu. Alivitazama kidogo, safi kabisa, kisha akavinyoosha taratibu, akaviweka wazi juu ya kiti kitupu kando yake, ambacho binti yake angekikalia.