Kikombe Kilichorudi Kimejaa

Kalista alijifungua mimba ikiwa na miezi saba. Mtoto alipelekwa mara moja katika chumba cha mwisho cha kliniki ya wazazi ya Ilengwa, kijiji kilichokuwa njiani kati ya Karema na Mpanda. Ulikuwa mwaka 1956. Mtoto alilazwa ndani ya sanduku la mbao lililotandikwa pamba na kuzungushiwa chupa za maji ya moto. Mkunga Emerensiana, msimamizi wa chumba hicho, alikuwa na amri moja: wazazi hawaingii. Kifua kidogo namna ile, alisema, huuawa na mafua ya mtu mzima.

Kwa hiyo Kalista alimjua mwanawe kwa kikombe tu. Alikamua maziwa katika kikombe cha bati, mkunga akakipeleka ndani, na baadaye kikombe kikarudi kitupu.

“Tazama,” alisema Paskalia, mama mkwe wake, akikipindua. “Hata tone. Huyu ni Ubaldo mtupu. Baba yake alikuwa akimaliza mboga hata ugali hajaugusa.”

Ubaldo, mume wa Kalista, aliyekuja kutoka Karema na tita la migebuka, samaki wakavu wa ziwani, alicheka. “Mama, unanivua nguo mbele ya wagonjwa?”

Kalista alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu ajifungue. Kesho yake Ubaldo akarudi ziwani kwenye nyavu zake.

Asubuhi moja kikombe kilirudi kimejaa.

Emerensiana alikiweka juu ya stuli akaondoka haraka, bila neno. Mtoto alikuwa amepaliwa. Aliacha kupumua, akabadilika rangi, kisha pumzi ikarudi. Mkunga alikuwa amefundishwa kutotoa habari asizo na hakika nazo, naye aliamini kwamba kunyamaza kulikuwa huruma.

Paskalia alikitazama kikombe kwa muda mrefu. Kwao, kifo cha mtoto mchanga hakitamkwi mbele ya mama yake, wala mwili wake hauombwi. Mama hufungwa kitambaa kifuani ili maziwa yakauke, na kwa kufungwa huko hujua. Paskalia mwenyewe aliwahi kufungwa hivyo. Alichana upande wa kaniki yake.

“Inua mikono, mwanangu.”

Kalista alikitazama kitambaa. Alikitazama kikombe. Akainua mikono. Paskalia alimfunga kwa nguvu, kisha akatoka nje na kuyamwaga maziwa chini ya ukuta.

Siku ile na iliyofuata mtoto alipewa matone ya maji ya sukari ili apumzike, hivyo hakuna aliyekuja kuomba maziwa. Kalista alilala akiuelekea ukuta. Hakula. Alikwangua chokaa kwa kucha mpaka kidole kikatoka damu. Alisema mara moja tu: “Hata sura yake siijui. Nitamwota nani?”

Kisha Emerensiana akaja na kikombe. “Kalista, mtoto ana njaa. Kamua.”

Paskalia alisimama. “Binti, unamdhihaki mfiwa?”

“Amefiwa na nani?”

Ndipo mkunga alipoona kitambaa. “Yu hai,” alisema. “Alizimia tu. Yu hai.”

Kalista hakugeuka. “Ni wa mtu mwingine huyo. Mnamtafutia maziwa mtoto wa mtu.”

Emerensiana hakubishana naye. Alimwosha mikono, akamfunga kitambaa puani na mdomoni, akamshika bega na kumpitisha kwenye mlango uliokatazwa. Ndani ya sanduku palikuwa na kiumbe chekundu, chembamba, chenye sikio la kushoto lililokunjika. Sikio la Ubaldo. Kalista aliingiza kidole. Vidole vidogo vikakishika.

“Mama,” aliita kwa sauti kubwa. “Njoo unifungue!”

Alikamua mpaka machozi yakamtoka. Maziwa hayakufunika hata kitako cha kikombe.

Paskalia aliketi nje, chini ya ukuta. “Nimemkaushia mjukuu wangu maziwa,” alirudia.

Emerensiana alileta stuli, akaiweka kando ya sanduku. “Tangu leo utakaa hapa.”

“Na akizimia tena?”

“Utaona mwenyewe. Nitakuambia ninalolijua. Nisilolijua nitakuambia kwamba silijui.”

Maziwa yalirudi kidogo kidogo, ila mtoto hakuongezeka uzito. Alibatizwa Anselmo. Ubaldo alipofika tena, naye alifungwa kitambaa mdomoni, akaketi upande wa pili wa sanduku, akajifunza kubadilisha chupa. Adhuhuri moja pumzi ilikatika na haikurudi. Emerensiana alisikiliza kifua kwa muda mrefu, akainuka.

“Amekufa, Kalista.”

Ubaldo alilia kwa sauti, wodi nzima ikasikia. Kalista alimtoa mtoto ndani ya pamba, akamfuta uso, akampakata mapajani mpaka alipotosheka kumtazama. Kisha akampa baba yake.

Alitoka nje. Paskalia alikuwa pale pale ukutani, kile kitambaa kikiwa kimekunjwa mapajani mwake. Hakuthubutu kuinua macho.

Kalista alisimama mbele yake, akainua mikono.

“Sasa, Mama,” alisema. “Sasa nifunge.”